Majina Yaliyokosekana Ukutani

Mapendo mwanangu,

Usinitafute nyuma ya nyumba wala kwa jirani. Baiskeli haipo na mimi sipo, nimetoka kwa shughuli ambayo utaijua kabla hujamaliza barua hii. Nakuomba ukae kwenye kiti, usisome umesimama, na usianzie mwisho kama unavyofanya na vitabu. Najua kesho asubuhi unahamia Mbarara moja kwa moja, si tena kwenda kazini na kurudi, na najua ulitaka jioni ya leo tukae sote tule pamoja. Na mimi nilitaka hivyo.

Kwanza nikutoe hofu moja: sijakukasirikia. Ukisahau mengine yote, hilo libaki. Lakini asubuhi hii nimekwenda kuisoma ile orodha uliyobandika Jumamosi kwenye ukuta wa kanisa, na kuna watu kumi na wawili wanaotakiwa kupewa dawa za kifafa Alhamisi hii ambao majina yao hayapo. Wenyewe hawajui kama kuna kosa. Wanadhani siku yao haijafika, na vidonge vyao vinaisha wiki hii.

Mambo ya blanketi, ya nani utamsalimia na nani utamkwepa, nimemwachia mama yako. Amekufungia unga wa muhogo wa kulisha shule nzima, kana kwamba watu wa Mbarara hawali. Usimcheke. Mimi nina jambo moja tu la kukupa, na nimelibeba miaka mitano bila kumwambia mtu yeyote, hata yeye.

Unanijua kuwa mimi ni mtu wa orodha. Kule kwetu Kivu ya Kusini nilikuwa katibu wa kanisa. Niliandika majina ya waliobatizwa, waliooana na waliokufa, kwa mwandiko ambao mchungaji alipenda kuwaonyesha wageni. Tulipokimbia mwaka 1996, mimi nilibeba daftari lile, na wewe ulibebwa na shangazi yako Nabintu. Ulikuwa na miaka mitatu. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mwanamume mzima nilibeba karatasi, na dada yangu, mgonjwa wa kifafa, akambeba mtoto wangu mgongoni siku zote zile kwa sababu mama yako alikuwa hajiwezi kwa homa. Daftari lenyewe liliharibika kwa mvua kabla hatujafika mpakani.

Hapa Uganda, katika kambi ya Nakivale, tulifundishwa upya maana ya orodha. Sabuni kwa orodha, turubai kwa orodha, mahojiano kwa orodha. Jina likiwa ukutani, upo. Lisipokuwepo, hata uje na mtoto mgongoni na karatasi zako zote mkononi, utaambiwa urudi nyumbani. Wewe umekulia humo, huoni ajabu. Sisi watu wazima tulijifunza kwa aibu, kwa kufukuzwa mbele za wenzetu, na mtu aliyefukuzwa mara mbili hajaribu mara ya tatu. Anausoma ukuta, anakosa jina lake, anageuka na kwenda zake kimya. Polepole tukaanza kuuamini ukuta kuliko kitu tulichokishika wenyewe mkononi.

Nadhani ndiyo sababu nilipojifunza kompyuta pale Base Camp, penye ofisi za kambi, mzee mmoja kati ya vijana wanaonicheka, nilipenda sana. Niliona kwamba sasa nitakuwa upande wa pili wa ukuta. Ile kliniki ndogo ya Mbarara, njia ya Kakiika, iliponiajiri kutunza majina ya wagonjwa, nilipanga chumba kulekule, nikawa narudi kwenu Jumamosi tu. Niliwaandikia programu. Ni hiihii unayoijua, ndiyo maana nina aibu nayo kama mtu anavyoona aibu na picha yake ya zamani.

Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Kila Alhamisi gari la kliniki linakuja hapa kijijini kwetu Kashojwa na dawa zilizokwisha kufungwa Mbarara, kila pakiti na jina lake. Asiye kwenye orodha hana pakiti. Programu inatazama siku mtu alipopewa dawa mara ya mwisho, inahesabu wiki nne au nane kulingana na alichopewa, halafu inatoa majina ya Alhamisi inayofuata. Basi, hakuna zaidi.

Ila kuna sehemu moja sikuiandika mimi. Kazi ya kusoma tarehe niliichukua kwenye maktaba, yaani kipande cha programu kilichoandikwa na watu wengine, ambacho wote tunakiazima badala ya kuanza upya. Hayo unayajua kuliko mimi. Nayaandika wazi ili Sifa, binti wa Nabintu, akitaka kuisoma barua hii aelewe kila neno. Ni haki yake kuliko yako.

Miaka mitano iliyopita wafugaji fulani wa Kakiika waliniomba niwatengenezee programu ya chanjo za ng'ombe wao. Walitaka kujua ng'ombe yupi kachanjwa lini na lini arudiwe. Nilikubali kwa majivuno, maana nilikuwa mkimbizi ambaye wenyeji wanamfuata na kumwita fundi. Kompyuta niliyokuwa nayo ilikuwa moja, ile ya kliniki, na walinipa ruhusa ya kuitumia baada ya kazi. Mafaili ya wafugaji hayakusomeka kwa maktaba yangu ya tarehe, ilikuwa ya zamani. Nikachukua toleo jipya na kuliweka juu ya lile la zamani. Kazi ya ng'ombe ikaenda vizuri siku hiyohiyo.

Sikufikiri kwamba programu ya wagonjwa nayo inakula kwenye sahani hiyohiyo. Hapana, niseme kweli: nilifikiri. Nilijaribu majina matatu, yakatoka sawasawa, nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai. Wote watatu walikuwa wamepewa dawa baada ya tarehe ishirini.

Sisi tunaandika siku kwanza, mwezi baadaye. Toleo jipya lilikuwa la watu wanaoanza na mwezi. Ukiliandikia tarehe ishirini na nne mwezi wa sita, linaona hakuna mwezi wa ishirini na nne, basi linageuza lenyewe na kusoma kama sisi. Lakini ukiliandikia tarehe kumi mwezi wa sita, linasoma tarehe sita mwezi wa kumi, na haliulizi. Kompyuta haikulalamika hata kidogo. Karibu kila mtu aliyepewa dawa kati ya siku ya kwanza na ya kumi na mbili ya mwezi alitupwa mbali, mbele au nyuma, na orodha ikatoka safi, imenyooka, ina majina machache kidogo tu. Niliikunja mwenyewe nikaileta Kashojwa, nikaibandika mwenyewe kwa pini nne.

Nabintu alikuwa amepewa dawa za wiki nne tarehe kumi mwezi wa sita.

Alinisubiri Jumapili baada ya ibada, akiwa na kile kitenge chake cha kijani. Alishika kadi yake ya kliniki, ile ambayo muuguzi huandika kwa kalamu siku ya kurudi.

"Kaka, jina yangu haiko ku listi. Na kadi inasema ni hii Alhamisi."

Niliitazama kadi, Mapendo. Nataka ujue kwamba niliitazama. Ilikuwa imeandikwa vizuri, Alhamisi hiyo, bila kufutwafutwa. Na watu walikuwa wamesimama karibu, na mimi nilikuwa fundi wa orodha.

"Muuguzi alikosea," nikamwambia. "Listi iko sawa, inatengenezwaka na mashini. Ngoja ingine Alhamisi, jina itatokea."

"Basi ni weye unajua. Ntangoja."

Hakubishana, hata uso hakuukunja. Alirudisha kadi kwenye kifundo cha kitenge chake, akaniuliza kama nimekula. Sikumuuliza vidonge vimebaki vingapi. Swali hilo ningelimuuliza mgeni yeyote, na dada yangu sikumuuliza.

Alhamisi hiyo hakwenda. Orodha ya wiki iliyofuata nayo haikuwa na jina lake, na hakuniuliza tena, kwa kuwa alishajibiwa. Unakumbuka ilikuwa majira kama haya, wakati wa jua, ziwa limerudi nyuma na watu wanafulia mbali. Mlimkuta pale ziwani, wewe na wanawake wa kijiji. Sisi tuliambiana kwamba maji yamemchukua, na mchungaji akasema hivyo, na mpaka leo wewe unasema hivyo. Maji yale hayakufika hata magotini. Alianguka kifudifudi kwa sababu alikuwa na siku nyingi bila dawa, na siku hizo nilimpa mimi.

Nimeandika sentensi hiyo mara ya kwanza maishani. Nimeinuka nikazunguka nyumba, nimerudi, bado ipo.

Baada ya mazishi nilirudi Mbarara. Niliikuta kadi yake kwenye begi langu. Mama yako aliiweka pamoja na karatasi za msiba, bila kujua. Nikafungua programu nikaandika jina la dada yangu. Ikaniambia kwamba atatakiwa kupewa dawa mwezi wa kumi na moja. Ilinichukua asubuhi nzima kuifuata njia ya kosa mpaka kwenye ile maktaba, na nilipoifikia nilijua siku niliyoibadilisha, na kwa ajili ya nini. Ng'ombe wa Kakiika walikuwa wamechanjwa kila mmoja siku yake.

Wengine waliokosekana niliwatafuta, nikawarudisha kwenye orodha, Mungu akasaidia hawakupata neno. Wakubwa wa kliniki sikuwaambia ukweli. Niliwaambia mashine ilikuwa na hitilafu, wakasema mashine ndivyo zilivyo. Nilirudisha maktaba ya zamani, wagonjwa wakatokea sawasawa, na programu ya ng'ombe ikafa. Nikarudisha mpya, ng'ombe wakafufuka, watu wakapotea. Nilikaa siku mbili nikibadilisha mbele na nyuma kama mwendawazimu, huku naogopa kila nilipotoka kwenda kula nitasahau nimeacha ipi.

Aliyenionyesha njia ni mwalimu mmoja wa kompyuta aliyekuwa akikaa Ruharo, Madamu Katusiime, mwanamke mnene mcheshi aliyekuja kliniki na mtoto wake. Nilimweleza shida yangu kana kwamba ni ya ng'ombe peke yake. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mzee, wewe unaweka kila kitu pamoja halafu unashangaa? Kila kazi iko na nyumba yake. Ya ng'ombe huku, ya watu huku. Ya ng'ombe ikitaka mpya, wewe natia mpya kwa ng'ombe tu. Watu hawajui hata. Halafu unaandika karatasi: hii nyumba iko na vitu gani, na namba ya kila kitu. Siku mashine nakufa, unajenga ingine sawasawa."

Kumbe jambo lenyewe lilikuwepo muda wote. Ni amri mbili tatu, hata robo saa haifiki. Kutenga mazingira ya kila kazi, ili kila programu iwe na maktaba zake na matoleo yake, isiguswe na haja za jirani. Mimi na wewe siku zote tumekuwa tukiyaita chumba. Nilipokuwa nikifungua chumba cha kwanza, nilimkumbuka Nabintu na kibuyu chake cha maziwa. Unakumbuka alivyokugombeza ulipokunywea maji ndani yake? Ulimwambia kilikuwa kitupu na kimeoshwa. Akakujibu kwamba haijalishi, ya maziwa ni ya maziwa. Dada yangu, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, alijua jambo lililomuua kuliko mimi niliyemuua nalo.

Sasa nakuja kwenye kosa la pili, na hili nimekufanyia wewe.

Nilipostaafu mwaka jana na kliniki ikakubali ujifunze kazi yangu, nilikufundisha vizuri. Nilikuonyesha chumba cha wagonjwa na chumba cha ng'ombe, jinsi ya kuingia na kutoka, na karatasi ya matoleo iliyobandikwa ndani ya kabati. Uliniuliza, na nakumbuka ulikuwa unakula embe, "Papa, juu ya nini unaacha ile maktaba ya zamani hivi? Iko na makosa mingi, bameisharekebisha." Nikakujibu kwamba ndivyo ninavyopenda. Ulicheka, ukasema wazee wanapenda vitu vizee.

Ningekujibu siku ile, usingefanya ulichofanya. Nilikupa amri nikakunyima sababu, na mtu mwenye akili kama yako akipewa amri isiyo na sababu ataifuta siku ya kwanza akiwa peke yake. Mimi ningeifuta pia. Nilificha sababu kwa kuwa sababu ina uso wa shangazi yako. Nilitaka uendelee kunipenda kama fundi aliyekufundisha kazi.

Jumamosi tulipokuwa tunarudi nyumbani kutoka kubandika orodha, ulinisimulia kwa furaha. "Nilisafisha mashini yote, Papa. Kulikuwa byumba bibili bya kitu kimoja, nikaweka byote fasi moja, na kila kitu kipya kabisa. Sasa haitasumbua mutu." Ulisema ulifanya kazi hiyo wiki iliyopita, siku chache kabla ya kutoa orodha. Ulisema ulijaribu majina matano na yote yalikuwa sawa.

Nilipaswa kusimama palepale njiani. Nilikuambia nini? Nilikuambia mama yako amepika maharage. Nilitembea na wewe mpaka nyumbani, na nikajiambia labda maktaba imebadilika tangu zamani, labda waliitengeneza, labda wewe kwa akili zako uliandika tahadhari. Jana kanisani nilikaa benchi la nyuma, nikatoka kwa mlango wa pembeni ili nisipite kwenye ule ukuta. Uliniuliza mbona nakimbia, nikasema tumbo. Siku nzima ya Jumapili nimeipoteza hivyo, Mapendo, na watu hao hawakuwa na siku ya kupoteza.

Leo ulipotoka kwenda kuaga watu nilikwenda. Nilichukua daftari langu, lile la bluu unaloliona siku zote na kulidhani la mahubiri. Si la mahubiri. Tangu Nabintu afariki, kila Alhamisi nimeandika kwa mkono nani kapewa dawa na za wiki ngapi. Nilisimama mbele ya ukuta nikalinganisha jina kwa jina. Waliopewa za wiki nane, katikati ya mwezi wa tano, wote wapo. Waliopewa za wiki nne tarehe kumi na moja mwezi wa sita, hakuna hata mmoja. Kumi na wawili. Orodha ni safi na imenyooka, na uliibandika kwa pini nne, kama mimi.

Alikuwepo mama mmoja pale anatafuta jina lake kwa kidole, kadi iko mkono wa pili. Simjui kwa jina la nyumbani, ni wa mtaa wa juu. Alipomaliza kutafuta aliisukuma kadi ndani ya blauzi akaanza kuondoka. Nikamwita nikamwambia kadi yake ndiyo ya kweli, aje Alhamisi. Aliitazama orodha, akanitazama mimi, akasema, "Lakini haiko." Nilimwambia mara tatu. Aliitika kwa heshima, na sina hakika kama atakuja.

Hicho ndicho ninachokiogopa, na ndiyo maana nimechukua baiskeli. Siwezi kutuma ujumbe. Watu wetu hawataacha ukuta wakafuata ujumbe. Lazima mtu aje, aketi, aombe kuiona kadi, aisome mbele yao, ahesabu vidonge pamoja nao. Nitafanya hivyo nyumba kwa nyumba. Nikimkuta mtu ameenda shambani nitamsubiri.

Wewe kesho ukifika Mbarara, usipeleke mzigo wako nyumbani kwanza. Nenda kliniki. Ndani ya barua hii nimekunja karatasi ya matoleo, nimeinakili upya kwa sababu najua ile ya kabatini umeitupa. Fungua chumba cha wagonjwa upya, weka ndani yake vitu vilivyoandikwa humo na si vingine, kisha toa orodha ulinganishe na majina haya kumi na wawili ambayo pia nimekuandikia. Pakiti zao zifungwe Jumatano. Halafu nenda kwa mkubwa wako ukamwambie kilichotokea, neno kwa neno, na mwambie kimetokea mara ya pili, na mara ya kwanza kilifanywa na nani. Mimi nilisema mashine ina hitilafu. Sentensi hiyo ilinilindia kazi yangu miaka yote, na ndiyo iliyokuachia wewe mtego.

Unaweza kufukuzwa. Sitakudanganya kwamba hawatafanya hivyo. Ukifukuzwa rudi nyumbani, unga wa muhogo upo.

Ukishatengeneza, usiniamini hata mimi kwamba kosa ni hilo moja. Maktaba ulizobadilisha ni nyingi, mimi ninaijua moja tu iliyoniuma. Sijui nyingine zimegeuza nini. Tangu niliposimama pale ukutani nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani kingine kimetoka safi na kunyooka wiki hii, na nani amekisoma akaenda zake.

Sasa jambo la mwisho. Utaona kwenye majina kumi na wawili kuna moja nimelipigia mstari. Ni la Sifa.

Unajua kifafa cha mama yake kilimfuata. Mmelala kitanda kimoja tangu tulipomzika Nabintu mpaka alipoolewa mwaka jana, umemshika ulimi na kichwa mara ngapi usiku na mchana, sihitaji kukueleza. Alipewa za wiki nne tarehe kumi na moja. Umekwenda kumuaga leo, bila shaka mmecheka na kulia, na bila shaka hakukwambia kitu kuhusu orodha, kwa sababu wewe ndiye fundi wa orodha sasa. Kama mama yake alivyoniheshimu mimi, ndivyo anavyokuheshimu wewe.

Nimewachukua wengine kumi na mmoja. Sifa nimekuachia wewe. Nilifika mpaka mwanzo wa njia ya kwake na baiskeli, nikaona kitenge cha kijani kimeanikwa kwenye waya, kile cha mama yake, nikageuza. Mimi si mtu wa kuingia mlango ule nikiwa na habari hii. Huo ni woga, na ninauita kwa jina lake. Lakini pia naamini akisikia kwako atasikia.

Basi inuka sasa hivi, jua halijazama, urudi kwake. Usingoje nirudi. Mwambie akuonyeshe kadi. Hesabu vidonge vyake, na kama havifiki Alhamisi, asiende ziwani wala kwenye moto peke yake, na wewe usipande gari kesho bila yeye. Mpeleke nawe Mbarara akapewe hukohuko. Akikuuliza umejuaje, mpe barua hii aisome yote, hata ule ukurasa wa mama yake. Akinichukia ana haki. Nitakuwa nyumbani keshokutwa, na siku itakayofuata, akitaka kuja kuniambia.

Na Mapendo, atakuambia haina haraka. Atasema wewe una safari, mizigo haijafungwa, yeye anaweza kusubiri Alhamisi ijayo. Watu wa nyumba ile ni wapole hivyo. Mimi nilimwambia mama yake angoje. Wewe usimwambie Sifa angoje.

Papa yako